Kurudia LSAT: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwama Kwenye Alama Zilezile

Malalamiko yanayonifikia kuhusu LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, yanafanana sana. Mtu alipata 154. Akanunua vitabu vingine viwili, akafanya mitihani ya mazoezi mfululizo kila Jumamosi, akalipa ada tena, akarudi. Akapata 155.

Mtu huyo hakuwa mvivu. Alijipima mara nyingi bila kujifunza chochote katikati ya kipimo kimoja na kingine. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuziba pengo hilo, na mpangilio wake una sababu. Ukiruka ya tatu na ya nne, zilizobaki hazitakusaidia sana.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti ya LawHub, jukwaa la LSAC, ambao ndio wenye mtihani. Akaunti ya bure ina mitihani michache kamili iliyowahi kutumika. Ya kulipia ina zaidi ya 50. Anayerudia kwa kawaida anahitaji ya kulipia, kwa sababu mitihani ya bure alishaimaliza.
- Mitihani ya mazoezi isiyoguswa, angalau sita. Iandike pembeni sasa hivi na usiifungue mpaka hatua ya nane.
- Daftari la makosa. Karatasi au jedwali la kompyuta, vyote sawa.
- Rekodi ya mitihani yako ya zamani: alama, tarehe, na kama ulitumia saa ya kupima muda au hukutumia.
- Saa 10 hadi 15 kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu. Mwenye kazi na watoto ahesabu miezi minne au mitano.

Tahadhari kuhusu vitabu vya zamani. Tangu Agosti 2024, sehemu ya michezo ya mantiki, ile ya kupanga watu kwenye viti na ratiba, imeondolewa. Kitabu chenye sehemu hiyo bado kinafaa kwa sehemu nyingine, lakini usipoteze hata jioni moja kuchora vile vielelezo.

Mtihani wa sasa una sehemu nne za dakika 35 kila moja. Mbili za Logical Reasoning, ambayo hapa nitaiita sehemu ya hoja, na moja ya kusoma kwa ufahamu, ndizo zinazohesabiwa. Ya nne ni ya majaribio. Inaweza kuwa ya hoja au ya kusoma, haihesabiwi, na hutajua ni ipi. Alama huanzia 120 hadi 180, na jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

## Hatua ya 1: Amua kama unapaswa kurudia

Chukua mitihani mitano ya mwisho uliyofanya kwa saa kabla ya siku ya mtihani, kisha tafuta wastani wake. Ulinganishe na alama uliyopata rasmi. LSAC wenyewe huionyesha alama yako ndani ya ukanda wa takriban pointi tatu juu na tatu chini, kwa hiyo tofauti ya pointi moja au mbili usiipe maana yoyote.

Alama rasmi iko chini ya wastani kwa pointi nne au zaidi. Kuna kilichokuharibikia siku ile: usingizi, woga, mtandao, kelele. Kurudia kuna maana, na huenda usihitaji miezi mitatu yote.

Alama rasmi inalingana na wastani. Hapo ndipo walipo wengi. Mtihani ulikupima sawasawa. Tarehe mpya bila njia mpya itakupa alama ileile.

Alama rasmi iko juu ya wastani. Siku ile ilikubeba. Usirudie mpaka wastani wako wa mazoezi uipite alama hiyo, na uipite kwa wiki kadhaa, si kwa Jumamosi moja nzuri.

Kisha fungua ripoti ya 509 ya kila shule unayoitaka. Shule zote zinazotambuliwa na chama cha wanasheria wa Marekani, ABA, hulazimika kuichapisha kila mwaka. Humo utakuta alama ya LSAT iliyo katikati ya wanafunzi walioanza, pamoja na ya robo ya chini na ya robo ya juu. Ukiwa tayari juu ya robo ya juu ya shule zako zote, okoa pesa zako. Ukiwa chini ya alama ya katikati, pointi tatu au nne zinaweza kubadilisha jibu la maombi, na katika shule nyingi hubadilisha pia kiasi cha ufadhili.

Shule zitaona alama zako zote zilizo hai, yaani zile ambazo LSAC bado huziripoti kwa shule, si ya mwisho peke yake. Lakini takwimu wanazoripoti kwa ABA hutumia alama yako ya juu kabisa, ndiyo maana wengi huangalia hiyo kwanza. Hofu ya kwamba alama mbili zinakuchafulia jina imezidishwa.

Tahadhari ya idadi. Unaruhusiwa kufanya mtihani huu mara tano ndani ya kipindi ambacho alama hubaki hai, na mara saba maishani. Alama uliyoifuta nayo huhesabiwa. Usiende kwenye mtihani halisi "kujaribu hali ya hewa". Mitihani ya mazoezi ipo kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma

Shule nyingi hufungua maombi karibu na Septemba na huyasoma kadiri yanavyoingia, kwa hiyo nafasi na fedha hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Anayerudia mwezi Juni au Agosti anaomba mapema, alama ikiwa mkononi. Anayerudia Januari anaomba wakati viti vingi vimeshakaliwa.

Matokeo hutoka takriban wiki tatu baada ya mtihani. Usajili nao hufungwa zaidi ya mwezi mmoja kabla. Weka kwenye kalenda tarehe tatu: mwisho wa kujisajili, mwisho wa kubadilisha tarehe, na siku yenyewe. Ile ya katikati ndiyo watu huisahau. Siku hiyo utaangalia wastani wako na kuamua kama unaenda au unasogeza mbele. Kusogeza kunagharimu, lakini ni nafuu kuliko kupoteza nafasi moja kati ya tano.

## Hatua ya 3: Mtihani mmoja, alama mbili

Mitihani mingi ya sasa haitolewi hadharani baada ya kufanywa. Unapata alama, huoni ulikosea wapi. Maana yake, alama yako rasmi haiwezi kukuambia uanzie wapi. Ugunduzi lazima uufanye mwenyewe.

Fanya mtihani mmoja kamili kwa saa. Kila swali ambalo huna uhakika nalo, hata kidogo, liwekee alama. Ukimaliza, usiangalie majibu.

Siku inayofuata rudi kwenye maswali yote uliyoyawekea alama, bila saa. Yafanye upya, ukiandika sentensi moja kwa nini jibu lako ni sahihi. Ndipo usahihishe na upate alama mbili: ya saa, na ya marudio.

Pengo kati ya alama hizo mbili ndilo litakalokuongoza:

- 154 kwa saa na 156 kwa marudio: tatizo ni uelewa. Hata ukipewa siku nzima unakosea yaleyale. Kaa kwenye hatua ya 5 na 6 kwa wiki nyingi, na usiguse saa.
- 154 kwa saa na 166 kwa marudio: unajua, ila hufiki. Hatua ya 5 na 6 utazipita haraka. Kazi yako iko kwenye hatua ya 7.

Watu hudhani wako kundi la pili. Kusema "nilikosa muda" kunauma kidogo kuliko kusema "sikuielewa hoja". Acha namba ziamue.

Umefanikiwa hapa ukiwa na: alama mbili, na orodha ya maswali uliyokosea ukiwa na uhakika kamili. Hayo ya uhakika ndiyo ya hatari kuliko yote, kwa sababu hukuyawekea alama, na wala hukushtuka.

## Hatua ya 4: Daftari la makosa linalofanya kazi

Madaftari mengi niliyoonyeshwa yamejaa maneno kama "sikusoma vizuri" na "uzembe". Hayo ni kujilaumu, hayakwambii ufanye nini kesho.

Kila swali liwe na mambo manne: aina ya swali, jibu ulilochagua na kilichokuvutia, kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na kitendo kimoja utakachofanya tofauti. Tuone kwa mfano niliotunga, nikibakiza majibu matatu kati ya matano ambayo mtihani hutoa:

> Maktaba ya mji ilianza kufungua Jumapili mwaka jana. Tangu hapo, vitabu vinavyoazimwa kwa mwezi vimeongezeka. Kwa hiyo, kufungua Jumapili kumechangia ongezeko hilo.
>
> Hoja hii inategemea dhana ipi?
>
> (A) Kila anayefika maktaba Jumapili hawezi kufika siku nyingine.
> (B) Maktaba haikuongeza vitabu vipya mwaka jana.
> (C) Angalau sehemu ya uazimaji wa ziada isingefanyika kama maktaba ingekuwa imefungwa Jumapili.

Wengi huchagua B. Wamefundishwa kuwa hoja ya chanzo na matokeo huvunjwa na chanzo kingine, basi wanakimbilia kuzuia chanzo kingine. Lakini hitimisho linasema kufungua Jumapili *kumechangia*. Vitabu vipya vinaweza navyo kuwa vimechangia, na hoja ikabaki imesimama.

Sasa kanusha C: uazimaji wote wa ziada ungefanyika hata kama Jumapili pangefungwa. Basi Jumapili haijachangia chochote, na hitimisho limeanguka. Dhana ambayo ukiikanusha hoja inaanguka ndiyo dhana ambayo hoja inaitegemea. A nayo imezidi. Hoja haihitaji *kila* mtu awe hivyo.

Maandishi mabaya: "Nilichagua B, nilikuwa na haraka."

Maandishi mazuri: "Swali la dhana ya lazima. B ilinivuta kwa sababu inazuia chanzo kingine. Sikuona neno 'kumechangia'. Wakati ujao: nipigie mstari kitenzi cha hitimisho kabla ya kusoma majibu, kisha nikanushe majibu mawili yaliyobaki."

Ingizo moja la namna hiyo huchukua dakika tano hadi kumi. Ndiyo, ni polepole. Ukiona unamaliza maswali ishirini kwa nusu saa, umerudi kwenye "uzembe".

Umefanikiwa pale ambapo baada ya wiki mbili daftari linakuonyesha aina mbili au tatu za makosa zinazojirudia. Karibu kila mtu ana tatu, hata akiamini anakosea kila mahali.

## Hatua ya 5: Sehemu ya hoja, aina moja kwa wakati, bila saa

Sehemu hii sasa ni theluthi mbili ya alama yako, maana ni sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa. Ipe muda kwa uwiano huohuo.

Chukua aina ambayo daftari limeishtaki: dhana ya lazima, kosa la hoja, kudhoofisha, kuimarisha, kinachofuata lazima, hoja zinazofanana. Fanya maswali kumi ya aina hiyo peke yake. Kwa kila swali fuata mpangilio huu:

1. Soma swali kwanza, ujue unatafuta nini.
2. Tafuta hitimisho. Jiulize: mwandishi anataka nikubali nini?
3. Tafuta sababu anazotoa.
4. Sema kwa maneno yako pengo lililo kati ya sababu na hitimisho, kabla ya kuangalia majibu.
5. Ondoa majibu manne kwa sababu unayoweza kuitamka.

Namba ya nne ndiyo watu huruka, kisha wanalalamika kwamba kila mara hubaki na majibu mawili na kuchagua baya. Ukiingia kwenye majibu huna unachotafuta, majibu ndiyo yatakayokuongoza, na yameandikwa na watu wanaojua utavutwa na nini.

Kauli za masharti zinastahili siku kadhaa za peke yake. "Ukiwa mwanachama, unaingia bure" haisemi kwamba kila aliyeingia bure ni mwanachama. Inachosema ni kwamba asiyeingia bure si mwanachama. "Huingii isipokuwa una kitambulisho" maana yake aliyeingia ana kitambulisho, wala haiahidi kwamba mwenye kitambulisho ataingia. Zifanyie mazoezi mpaka uzigeuze bila kuandika.

Umefanikiwa ukipata tisa kati ya kumi bila saa, mara tatu mfululizo, na unaweza kueleza kwa nini kila jibu baya ni baya. Kupata sahihi bila kujua sababu kunahesabiwa kama kosa.

## Hatua ya 6: Kusoma kwa ufahamu

Hapa kuna seti nne, moja ikiwa na vifungu viwili vifupi vya kulinganisha. Mada hutoka kwenye sheria, sayansi, sanaa na jamii. Huhitaji kuijua mada. Anayeijua wakati mwingine ndiye anayekosea, kwa kuwa hujibu kwa anachokifahamu badala ya kilichoandikwa.

Kila aya ikiisha, simama sekunde chache useme kazi yake: "anataja nadharia ya zamani", "anaipinga", "anatoa mfano". Usikariri yaliyomo, utayarudia. Unachobeba ni ramani na msimamo wa mwandishi.

Kwenye mazoezi, kila jibu lionyeshee mstari unaolithibitisha. Kama mstari haupo, jibu hilo umelibuni.

Kwa aliyekulia na lugha nyingine na Kiingereza akakisomea darasani: LSAC haitoi muda wa ziada kwa sababu ya lugha. Muda wa ziada ni kwa wenye ulemavu au hali ya kiafya, na huombwa mapema kwa nyaraka. Kwa hiyo anza leo kusoma maandishi magumu ya Kiingereza nusu saa kila siku, nje ya mazoezi ya mtihani. Hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani hupatikana bure mtandaoni, na sentensi zake ndefu ni mazoezi mazuri.

Umefanikiwa ukifunga kifungu na kueleza hoja kuu na msimamo wa mwandishi kwa sentensi mbili, bila kurudi nyuma.

## Hatua ya 7: Rudisha saa taratibu

Usitoke bila saa ukaruka hadi dakika 35. Fanya sehemu moja kwa dakika 45. Usahihi ukibaki palepale, nenda 40, kisha 35. Usahihi ukishuka, rudi ngazi moja ukae hapo.

Sehemu ya hoja ina maswali 24 hadi 26, yaani takriban dakika moja na sekunde ishirini kwa swali. Lakini usiyagawie muda sawa. Ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi; ukiyafanya kumi kwa dakika 12 hivi, umejiwekea akiba ya yale mazito ya baadaye.

Swali likikushika dakika mbili na bado unazungukazunguka, chagua jibu lolote, liwekee bendera, endelea. Watu wenye bidii huliona hili kama kushindwa. Swali gumu na swali jepesi vina alama sawa, na jepesi linaweza kuwa linakusubiri kwenye ukurasa usioufikia. Dakika ya mwisho hakikisha hakuna swali tupu.

## Hatua ya 8: Mitihani kamili

Sasa fungua ile sita uliyoificha. Mmoja kwa wiki unatosha. Fanya sehemu zote nne, na mapumziko ya dakika kumi baada ya ya pili, saa ileile ya siku utakayofanyia mtihani. Hakuna simu, hakuna kusimamisha saa.

Kila mtihani ufuatwe na marudio ya hatua ya 3 na maandishi ya hatua ya 4. Marudio yasipochukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe, hukuyafanya. Kama wiki hii huna nafasi ya kuyafanya, usifanye mtihani.

Mitihani uliyowahi kuifanya tumia kwa zoezi la aina moja moja tu. Alama utakayopata humo ni kumbukumbu inayokudanganya.

Uko tayari wastani wa mitihani mitatu mipya ukifika kwenye lengo lako. Usihesabu ule mmoja mzuri.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Mtihani kamili wa mwisho uwe siku nne au tano kabla. Baada ya hapo soma daftari, fanya maswali machache ya aina unayoiweza, lala.

Jina kwenye kitambulisho lilingane herufi kwa herufi na jina la usajili. Masharti ya mahali pa kufanyia yasome upya kwenye akaunti yako hata kama uliyasoma mara ya kwanza, maana hubadilika. Insha ya LSAT, ambayo huandikwa kando na sehemu zile nne, huhitaji kuiandika tena kama ilishapokelewa na LSAC.

Asubuhi ya mtihani fanya maswali matatu au manne mepesi uliyokwisha kuyafanya, ili swali la kwanza lisikukute bado na usingizi.

## Hatua ya 10: Alama ikitoka

LSAC huuza huduma ya kuiona alama kabla ya kuamua kuibakiza au kuifuta, na bei yake ni ndogo ukiinunua kabla ya mtihani. Ukiwa nayo, una siku sita za kuamua tangu matokeo yatoke. Usiifute kwa sababu tu imekuvunja moyo. Ikiwa sawa na ya kwanza au pungufu kwa pointi moja mbili, ibakize, kwa kuwa shule itaona hata kwamba ulifuta. Fikiria kufuta ikiwa imeporomoka vibaya.

Alama ikipanda kwa pointi nyingi, baadhi ya shule huomba maelezo mafupi. Andika aya moja: nini kilibadilika kwenye maandalizi, bila kuomba huruma. Ikipanda pointi moja au mbili, usiandike chochote.

Isipopanda, fungua daftari kabla ya kugusa ukurasa wa usajili. Makosa yakiwa ni yaleyale matatu ya mwanzo, rudi hatua ya 5. Yakiwa mapya, njia ilifanya kazi ila muda ulikuwa mfupi. Tafuta tarehe iliyo miezi mitatu mbele na uanzie hatua ya 3, kwa mtihani ambao hujawahi kuufungua.